Kisu hakina macho
Umeuza dhahabu yako Macalder, giza linaingia, una pesa mfukoni na kisu kiunoni. Unajiona uko salama? Kisu hakina macho. Ukivamiwa kwa nyuma hutawahi hata kukichomoa. Ukinyang'anywa, utageuziwa wewe.

Anza na akili. Usihesabu noti mbele ya watu. Ziweke M-Pesa kabla hujaondoka. Usipite njia ileile kila siku. Panda boda ya mtu unayemjua, na masikio yasizibwe na muziki.

Wasichana wa mitaa ya mabanda Nairobi walifunzwa kutumia sauti kabla ya ngumi. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha zaidi ya nusu yao walitumia mafunzo hayo kuzuia shambulio la kingono ndani ya mwaka. Hawakupewa panga.

Ukihisi mambo si mambo, toka mapema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.