Mpira wa Matambara na Panya wa Uvunguni

Yapo mambo ya nyumbani ambayo wataalamu wa afya huyapita bila kuyatazama kwa kuwa yanaonekana madogo. Mahali unapolazwa mpira wa mtoto ni mojawapo. Katika nyumba za vijiji vya milima ya Usambara, mtoto arudipo jioni kutoka kwenye chandimu, mpira wa matambara, raba zilizoloa na kamba ya kurukia huweza kutupwa uvunguni mwa kitanda, au kwenye kona lilipo gunia la mahindi. Jambo hili ni suala la afya kabla ya kuwa suala la unadhifu, na Lushoto ina sababu ya kulijua hilo kuliko wilaya nyingi nchini.

Sababu hiyo ni historia. Mwaka 1980 tauni ililipuka wilayani Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 ikawa ikirudi tena na tena katika vijiji vya milimani, upande wa Shume na Mlalo ukiwamo. Maelfu waliugua na mamia wakafariki. Wanawake na watoto waliathirika zaidi. Maisha ya ndani ya nyumba yanasaidia kulieleza hilo: nafaka ihifadhiwayo ndani humwita panya, panya huja na viroboto, na alalaye sakafuni karibu na nafaka hiyo mara nyingi ni mtoto.

Panya ahitaji vitu vitatu: chakula, maficho na malalo. Gunia humpa chakula. Rundo la vitu lisilohamishwa humpa maficho. Mpira wa matambara uliosahauliwa wakati wa masika, mvua inapowazuia watoto kucheza, humpa malalo yaliyo tayari. Viroboto huzaliana humo, katika vumbi na takataka za kiota. Siku jua litokapo, mtoto huingiza mkono uvunguni kuutafuta mpira wake.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuyachoma matambara na kupiga marufuku mipira ndani ya nyumba. Rai hiyo haifai. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kuushughulisha mwili, za wastani hadi kali. Kwa mtoto ambaye wazazi wake hawamudu mpira wa dukani, mpira wa matambara ndio njia ya kuzipata dakika hizo kwa furaha. Tena mtoto anyang'anywaye mpira hutengeneza mwingine na kuuficha mahali pa siri zaidi, ambapo ndipo panya alipo.

Lifaalo ni kuvipa vifaa hivyo mahali pake. Kabati si lazima. Tenga au mfuko wa katani ulioning'inizwa kwenye msumari, juu ya sakafu na mbali na nafaka, watosha. Mpira uanikwe juani, na ukichakaa usukwe upya kwa matambara safi. Raba zisikaushwe kando ya mafiga, maana humvuta mtoto kwenye moto. Uvungu ufagiliwe mara kwa mara, na watoto wenyewe wafundishwe kurudisha kila kitu mahali pake. Sumu ya panya isiwekwe kamwe penye vifaa vya michezo.

Hata hivyo, tenga peke yake halizuii tauni. Nafaka isipowekwa katika chombo chenye mfuniko, panya atabaki. Na palipo na dalili za tauni, viroboto wadhibitiwe kabla ya panya kuuawa, kwa sababu panya akifa viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Panya aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono. Taarifa ipelekwe zahanati.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Atembeleaye kaya asiishie kuuliza habari za choo na chandarua. Aulize pia vitu vya watoto vinalala wapi. Kwenye zahanati, mtoto mwenye homa ya ghafla, maumivu ya kichwa na mtoki unaouma kinenani, kwapani au shingoni, mzazi wake aulizwe kama panya waliokufa wameonekana nyumbani. Bila matibabu, tauni ya mitoki huua watu 30 hadi 60 kati ya kila wagonjwa 100. Antibiotiki zikianzwa mapema, wengi hupona.

Miaka ya utulivu isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho wa ugonjwa, kwani vimelea vya tauni huweza kudumu miongoni mwa panya wa mwituni na viroboto wao. Mzazi atundikaye tenga leo humwachia mtoto mchezo wake, na humnyima panya kitanda.