Usivunje Kufuli la Simu Yenye Akiba Yako

Bibi zetu walipotaka kulinda akiba waliifunga fundo kwenye pindo la kanga. Leo akiba imehamia kwenye simu. Humo mna pesa za M-Pesa, michango ya kikoba, picha za vitambulisho na siri za ndoa. Kwa hiyo tusidhani kwamba kuchagua programu za kuingiza simuni ni mambo ya vijana na michezo yao. Ni ulinzi wa nyumba.

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu aliniletea simu yake. Rafiki yake alikuwa amemrushia WhatsApp ya GB, ile inayosifiwa kwa kuficha tiki za buluu na kuonyesha ujumbe uliofutwa. Simu ilimwonya kwamba faili hilo limetoka mahali pasipojulikana, naye akabonyeza kuruhusu bila kusoma. Nilipoishika ilikuwa ya moto kiganjani kama andazi lililotoka kwenye mafuta, na hakuna aliyekuwa akiitumia. Bando la wiki liliisha kwa siku mbili, na matangazo yalijifungua yenyewe. Tuliifuta programu ile, tukasafisha simu nzima, tukabadilisha namba zote za siri. Yeye alisalimika.

Hofu yangu si ya kubuni. Mwaka 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta ndani ya FMWhatsApp, ndugu yake GB, kirusi kiitwacho Triada. Programu ile iliomba ruhusa ya kusoma SMS, na kupitia mlango huo kirusi kiliweza kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia pasipo yeye kujua. Kumbuka kwamba namba ya uthibitisho huja kwa SMS hizo hizo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatari huzidi pale fundi anapokwenda mbali zaidi, akavunja kufuli la mfumo wenyewe, kazi ambayo mafundi huiita kuruti. Fikiria nyumba ya kupanga: vyumba vimepangana kandokando ya ukumbi, kila mpangaji na kufuli lake. Ndivyo simu ilivyojengwa. Programu ya tochi haina ufunguo wa chumba cha benki. Simu iliyorutiwa huweza kutoa ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote, na programu yoyote ikiupata, hakuna tena mpangaji mwenye faragha. Ndiyo maana programu nyingi za benki hugoma kufanya kazi katika simu ya namna hiyo.

Wapo watakaonijibu: simu nimeinunua kwa jasho langu, kampuni ya ng'ambo inipangie nini? Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Apple ilipofungua duka lake la programu mwaka 2008, waliovunja kufuli la iPhone walikuwa tayari wanaweka programu zao wenyewe. Mwaka 2010 mamlaka za Marekani zilitamka kwamba kuvunja kufuli hilo si kosa chini ya sheria ya hakimiliki. Haki ipo.

Lakini haki ya kubomoa ukuta wa nyumba yako haizuii mwizi kupita pale ulipobomoa. Novemba 2009, huko Australia, kirusi kilisambaa katika iPhone zilizovunjwa kufuli ambazo wenyewe hawakubadilisha nenosiri la kiwandani. Kile cha kwanza kilibadilisha picha ya kioo tu. Hazikupita wiki nyingi kikatokea kingine, nacho kilikuwa kinawinda wateja wa benki Uholanzi. Mwaka 2015 kirusi KeyRaider kiliiba taarifa za akaunti zaidi ya 225,000 za Apple, nazo zote zilitoka kwenye simu zilizovunjwa kufuli.

Wala sisemi kwamba duka rasmi la programu ni msikiti. Baadhi ya programu za mikopo ya haraka zilizochota majina katika simu za wakopaji, kisha zikawaaibisha mbele ya wakwe na waajiri, zilipakuliwa humo humo. Duka rasmi ni mlinzi wa getini: hupunguza wezi, lakini hakupi ruhusa ya kulala mlango wazi.

Basi tufanye nini? Leo hii fungua mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu inayoruhusu kusakinisha programu zisizojulikana, na uifunge. Programu ya tochi ikiomba kusoma SMS, ikatae. Usimwachie fundi simu pamoja na namba ya siri, kisha ukaenda kunywa chai. Nawe kijana mwenye kiu ya kujua simu inavyofanya kazi ndani, usiiue kiu hiyo, kwa maana taifa linakuhitaji. Tafuta simu kuukuu isiyo na laini ya pesa wala barua pepe yako, uivunje, uiunde, ujifunze.

Bibi mwenye fundo la kanga hakuwa mwoga wa dunia. Alikwenda sokoni, alicheza ngoma, alisafiri. Ila hakumpa mpita njia pindo lake amfungulie, hata mpita njia huyo awe na maneno matamu namna gani.