Kilo Moja ya Madaftari

Mwenzetu mmoja ameandika katika jarida hili kwamba kukusanya vitabu adimu, miswada na sahihi za waandishi ni mchezo wa Wazungu wenye fedha za kuchezea. Anasema kijana wa Kitanzania mwenye akili zake atafute vitabu vipya, hayo makaratasi ya zamani awaachie mende. Toleo lililofuata wakajitokeza wawili kumpigia makofi. Haya, mimi sipigi. Na ninaandika kutoka Ngulyati, wilaya ya Bariadi, mahali ambapo mwenzetu angeapa hakuna kitabu adimu hata kimoja, ili asije akadhani namjibu kutoka kwenye kiti cha kuzunguka pale Dar es Salaam.

Nianze na hiyo habari ya fedha, maana ndiyo iliyomtisha. Ni kweli wenzetu wanalipana. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani kilinunua karatasi za Gabriel García Márquez, yaani miswada, barua, picha na kadhalika, kwa dola milioni 2.2. Ukiitaja habari hiyo kijiweni watu wanacheka: dola zote hizo kwa karatasi zilizofutwafutwa! Lakini tujiulize kilichonunuliwa ni nini. Riwaya zenyewe zipo madukani, kila mtu anazipata. Kilichonunuliwa ni kule kufutwafutwa. Ni ile sentensi aliyoikata, jina la mhusika alilolibadilisha, barua aliyomwandikia rafiki yake. Sisi tuliomaliza kidato cha nne tukaambiwa asante kwaheri, tunaojifunza kuandika bila mwalimu, shule yetu ingekuwa hapo. Kitabu kilichochapwa hakikuonyeshi mwandishi alipokosea akarudi nyuma. Mswada unakuonyesha.

Hapa kwetu hakuna dola, kuna mizani. Shule zikifungwa, watoto huleta madaftari yaliyojaa na vitabu vilivyochanika, vinapimwa kwa kilo, vinakwenda kwa akina mama wauza karanga na wazee wauza ugoro. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Juni 1, 2019, karatasi imepanda cheo kabisa. Siwalaumu akina mama. Pembe ya karanga haina budi kuwa ya karatasi, na karatasi haichagui ilikotoka. Ninayemlaumu ni mimi na wewe tunaojiita waandishi chipukizi, tunaopita karibu na mizani ile kila siku tukienda kulalamika kwamba wachapishaji hawatutaki.

Mwaka juzi nilinunua karanga za shilingi mia mbili mnadani. Nilipomaliza kutafuna nikaikunjua ile pembe, kama nilivyozoea. Wino wa bluu, mkono wa mtu mzima, mistari ya Kisukuma imepangwa na kupewa namba. Nyimbo za ngoma! Za manju, tena za kushindana, maana ubeti wa kwanza tu ulikuwa unamrushia kijembe manju wa upande wa pili. Nikarudi mbio.

"Shikamoo mama. Hili daftari umelipata wapi?"

"Marahaba. Mwanangu, hilo si la mtu tena. Baba mwenyewe alishafariki, vijana wake wameliuza pamoja na madaftari yao ya shule."

"Limebaki?"

"Yamebaki majani haya manne. Nikufungie karanga nyingine?"

Nikanunua karanga mara nne. Jina la mzee sitalitaja, wajukuu zake tunasalimiana. Majani ninayo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mwenzetu alipoteleza. Manju kwa Wasukuma si mwimbaji wa kupitisha muda tu. Pamba ikishavunwa, Bagika wanasimama huku na Bagalu kule, kila upande na dawa zake na wafuasi wake, na manju anatakiwa awavute watu kwa maneno. Humo anatia kila kitu: bei ya pamba, karani aliyepunja mizani, ukame, mtemi, mzungu wa kilimo, mwanamke aliyemkimbia mwenzake. Chama kikuu cha wakulima wa kanda hii, ile VFCU iliyoandikishwa mwaka 1955, kiliimbwa. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, vikaimbwa tena, na si kwa sifa. Magazeti ya wakati ule yalikuwa na mhariri na mhariri alikuwa na mkubwa wake. Manju alikuwa na hadhira tu, ikimkataa inahamia upande wa pili palepale uwanjani.

Mimi ninaandika riwaya ya familia ya wakulima wa pamba. Nipo sura ya saba. Katika sura hiyo baba anarudi kutoka kituo cha kununulia pamba hana kitu mfukoni, na usiku ule kuna ngoma. Wanaimba nini? Hapo ndipo niliposimama. Naweza kubuni, kubuni ndiyo kazi niliyojipa. Lakini Msukuma wa miaka sabini akisoma atajua katika mstari wa pili kwamba huu ni wimbo wa kijana wa kidato cha nne. Jibu lilikuwepo, liliandikwa kwa wino wa bluu na mtu aliyekuwepo, na likaliwa pamoja na karanga. Halafu mtu ananiambia makaratasi ya zamani ni anasa!

Tena tusiende mbali. Hapo ziwani, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Riwaya nzima, kubwa, ya bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao. Mchapishaji wa Kikerewe akakosekana. Mzee mwenyewe akaja kuitafsiri kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka 1981 akafariki. Leo kinasomwa kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza tangu 2002. Sasa piga hesabu: miaka 35 ya mchwa, ya paa kuvuja, ya wageni wanaotafuta karatasi ya kuwashia jiko. Kama nyumba ile ingekuwa na mtu mmoja tu mwenye falsafa ya mwenzetu, Tanzania isingekuwa na Kitereza, na wala tusingejua kwamba hatuna.

Au Shaaban Robert. Yeye alifariki mwaka 1962. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha barua zake za kuanzia 1931 hadi 1958, alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua za kawaida za kaka kwa ndugu yake: shida, ushauri, habari za nyumbani, habari za kazi. Ulenge hakuzitupa. Barua ya ndugu yako ukishaisoma umeshaisoma, si ndiyo? Ungeiweka ya nini? Yeye akaiweka, na iliyofuata akaiweka, na sasa tunaweza kumsikia Shaaban Robert akizungumza bila kuvaa kanzu ya ushairi. Hebu nionyesheni anasa iko wapi hapo.

Mwenzetu amechanganya adimu na ghali. Kitabu huwa ghali pale tajiri wawili wanapokitaka. Kinakuwa adimu pale sisi tunapokitupa, na tunavyotupa vizuri zaidi ni vile tulivyovipenda. Vitabu vya darasani vilivyochapwa maelfu kwa maelfu utavikuta. Lakini vile vijitabu vya upelelezi na mapenzi vya miaka ya sabini na themanini, vya akina Elvis Musiba, Eddie Ganzel na Hammie Rajab, vilivyoazimishwa mpaka majalada yakang'oka, tafuta leo toleo la kwanza uone. Vimekufa kwa kusomwa. Walimu waliviita takataka na maktaba nyingi za shule hazikuvitaka. Mimi nasema huko ndiko Watanzania wa kawaida walikojifunza kusoma riwaya kwa raha zao, na atakayetaka kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili bila hivyo ataandika historia ya mitihani.

Shule moja ya sekondari, nisiitaje, ilitoa vitabu vya maktaba nje kupisha vitabu vya mtaala mpya. Vikakaa barazani, mvua ikavikuta. Nilipofika niliokota kumi na moja, kimojawapo *Rosa Mistika* cha Kezilahabi, chapa ya mwaka 1971 ya East African Literature Bureau, hakina jalada la mbele. Kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha kikaja kutahiniwa mashuleni humohumo, cha mtu aliyezaliwa Ukerewe, naokota barazani! Kwenye ukurasa wa ndani kuna sahihi za wanafunzi watano waliokiazima mmoja baada ya mwingine. Sahihi ya Kezilahabi haimo, naye alitutoka mwaka 2020. Lakini zile tano sizibadilishi. Zinaniambia nani alikisoma, tena wakati gani.

Kuhusu sahihi nitasema kidogo, maana naona aibu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, watu ambao hawakuwahi kumsoma hata kurasa mbili walianza kutafuta nakala zake za kwanza zenye sahihi. Tafsiri ya Kiswahili ya *Paradise*, yaani *Peponi*, ilipotoka mwaka 2022, sikuona mbio za namna hiyo. Anayekusanya sahihi bila kusoma, huyo mwenzetu amchape, nami nitamshikia.

Lipo kundi lingine linaloniudhi, la wale wanaopiga kelele kwamba Wazungu wametuibia miswada. Ndiyo, miswada mingi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu ipo London na Ujerumani. Lakini someni habari za Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa fundi wa kunakili, na alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake akiwapa wateja wa Kizungu, akina Hichens wa Uingereza na Dammann wa Ujerumani. Ilikuwa kazi, alilipwa. Swali ni kwa nini wateja walitoka mbali namna ile, na kwa nini mteja wa hapa alikuwa nadra. Ipo njia nyingine, na si ndoto: huko huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, picha zikasafiri, vitabu vyenyewe vikabaki msikitini kwake. Na Zanzibar, mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu kwenye Nyaraka za Taifa uliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 2003, ukiwa palepale Zanzibar.

Najua jibu litakalokuja. "Siku hizi tunapiga picha kwa simu, inatosha." Mwezi Oktoba 2023 wezi wa mitandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza yenyewe, ikakaa miezi huduma zake nyingi za kompyuta zimezimika. Kama wao wenye wataalamu walikwama, wewe na simu yako yenye kioo kilichopasuka unajitapa nini? Piga picha, sikatai. Kisha karatasi iweke.

Kuiweka hakuhitaji utajiri. Mimi nina sanduku la bati nililonunua kwa mtu aliyemaliza bweni. Limekaa juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa asipate daraja. Ndani natia majani makavu ya mwarobaini, nayabadilisha kila baada ya miezi michache. Siweki karatasi kwenye mfuko wa nailoni, zinatoka jasho. Sibandiki selotepu hata ukurasa ukilia, maana ile gundi inageuka kahawia na kula maandishi. Nikitaka kuandika kitabu kimetoka kwa nani na lini, natumia penseli, pembeni. Hilo la kimetoka kwa nani ndilo watu wanalidharau, nalo ni nusu ya thamani. Yale majani manne ya manju bila mnada, bila mwaka, bila upande wake wa ngoma, ni majani manne tu.

Na sanduku halina kufuli. Nasema hivyo kwa sababu wapo wakusanyaji wa hapa hapa nchini wanaofungia vitabu kama mahari, hata mwanafunzi akiomba kuona anaambiwa mzee kasafiri. Huyo na muuza karanga mimi siwaoni tofauti, ila muuza karanga angalau anakupa karanga.

Basi kwa wasomaji wa Ngulyati, Bariadi mjini, Lamadi na vijiji vya jirani: daftari lolote la nyimbo za ngoma, la mahesabu ya chama cha msingi, la mahudhurio ya kisomo cha watu wazima, barua za pamba, vijitabu vya hadithi hata visivyo na jalada, nanunua. Bei yangu ni ile ya mizani, naongeza nusu yake. Asiyetaka kuuza nitanakili kwa mkono mbele yake na kumrudishia siku hiyohiyo. Ya manju yule, kama yapo majani mengine yamebaki nyumbani kwa mtu, namba ninazo kuanzia 14 hadi 21.