Mkono Usio na Kidonda

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, pamba huchumwa kwa mkono. Mkono mmoja ukishindwa, riziki ya nyumba nzima hutetereka. Hata hivyo, mkulima anaposema kwamba mkono unamwaka moto usiku na mchana, ilhali hauna kidonda wala uvimbe, si ajabu akaitwa mvivu au akaambiwa kwamba amerogwa. Kauli zote mbili hazina msingi wa kisayansi, nazo humwongezea mgonjwa mzigo.

Mishipa ya fahamu ya mkono huanzia kwenye uti wa mgongo, karibu na shingo, kwa mizizi mitano. Hupita kwapani, kwenye kiwiko na kifundo, hadi vidoleni. Mshipa ukibanwa, ukijeruhiwa, au ukidhuriwa na maradhi kama kisukari na ukoma, waweza kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo hata kama ngozi na mifupa ni mizima. Mwaka 1864 Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani, pamoja na wenzake walieleza hali ya askari waliojeruhiwa mishipa hiyo vitani: majeraha yalifunga, maumivu ya kuunguza yakabaki. Hivyo basi, kutoonekana kwa kidonda si ushahidi kwamba maumivu hayapo.

Anayeishi na maumivu haya hana budi kuipangia kazi yake kipimo. Siku mkono unapotulia hushawishika kumaliza shamba lote. Usiku wake hukosa usingizi. Ni afadhali achume kwa muda mfupi, apumzike, kisha atumie mkono wa pili kutenga pamba safi na pamba fifi. Lakini kuufunga mkono kutwa nzima bila kuutumia hukakamaza viungo na kudhoofisha misuli. Ikiwa mshipa umebanwa kwenye kifundo, kukifunga usiku ili kisijikunje huwapa wengi nafuu. Mkono wenye ganzi nao usitumiwe kupima joto la sufuria, kwani huweza kuungua bila mwenyewe kujua.

Dawa za kawaida, kama aspirini, mara nyingi hazifui dafu hapa. Daktari aweza kutoa amitriptilini kwa kipimo kidogo. Dawa hiyo hutibu pia ugonjwa wa sonona, lakini kupewa dawa hiyo si kuambiwa kwamba maumivu ni ya kufikirika. Kuchanja chale hakuachilii mshipa uliobanwa. Nguvu zikipungua, misuli ikisinyaa, au baka lisilo na hisia likitokea kwenye ngozi, mgonjwa afike hospitali mapema.

Shule nazo zina wajibu. Somo la mishipa ya fahamu lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Mwanafunzi anayechelewa kunakili kwa sababu mkono unamuuma aulizwe kwanza kabla ya kuadhibiwa, na mzazi anayelala macho kwa maumivu asaidiwe badala ya kushukiwa. Mwaka 2020 Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilisisitiza kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Kumsadiki mgonjwa hakumponyi, lakini ndiyo hatua ya kwanza ya kila tiba.