Filamu za mapenzi zisizochuja

Je, msomaji, ni kwa nini filamu moja ya mapenzi hukuchekesha leo na kesho ukaisahau, ilhali nyingine hutazamwa na nyanya, binti na mjukuu, na wote wakavunjika mbavu? Leo tuzipime tatu zilizokataa kuzeeka.

Ya kwanza ni It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoelekezwa na Frank Capra. Binti wa tajiri (Claudette Colbert) anamtoroka babake ili amfuate bwana ambaye mzee hamtaki. Katika basi litokalo Miami anakutana na mwanahabari aliyepigwa kalamu (Clark Gable). Safarini wanalazimika kulala chumba kimoja, naye jamaa anatundika blanketi juu ya kamba katikati ya vitanda. Blanketi hilo lina utamu kuliko busu mia! Filamu hiyo ilitwaa tuzo tano kuu za Oscar: filamu bora, mwelekezi, mwigizaji wa kiume, wa kike, na hadithi iliyoandikiwa sinema.

Ya pili ni Roman Holiday ya 1953, kazi yake William Wyler. Binti wa mfalme (Audrey Hepburn) amechoshwa na ratiba na salamu za wakubwa, hivyo anatoroka usiku mjini Roma. Anaangukia mikononi mwa mwanahabari (Gregory Peck), ambaye akimtambua ananyamaza, kwani habari hiyo ingemletea dola 5,000. Wanazunguka mji kwa pikipiki, wanacheka, wanapendana. Lakini hawaoani. Binti anarudi kwenye wajibu wake.

Ya tatu ni When Harry Met Sally ya 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron na kuelekezwa na Rob Reiner. Harry (Billy Crystal) na Sally (Meg Ryan) wanasafiri kwa gari kutoka Chicago hadi New York wakibishana njia nzima. Yeye anashikilia kwamba mume na mke hawawezi kuwa marafiki tu. Inawachukua miaka 12 kugundua kwamba walikuwa wakipendana.

Sasa tuzilinganishe. Katika mbili za kwanza, pesa zimewekwa mezani. Babake binti wa Capra ametangaza zawadi ya dola 10,000, lakini jamaa anadai dola 39 na senti 60 tu alizotumia njiani. Naye mwanahabari wa Roma haandiki chochote, na mwenzake mpiga picha anamkabidhi binti zile picha. Ya tatu haina zawadi wala ufalme. Kizuizi ni kiburi na woga, na anachotoa Harry ni ushindi wake katika ule ubishi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya anamtajia Sally vijitabia vyake vya kuudhi, kama vile kuhisi baridi siku ya joto, na kusema hivyo ndivyo anavyovipenda.

Umeona, msomaji? Zote zina maneno ya kuchomana na mwanamke asiyemeza ulimi. Lakini kinachozifanya zipendwe si kicheko pekee, bali ni kwamba mtu anaacha kitu alichokuwa na uwezo wa kukishika.

Kuna wasemao kwamba filamu hizi hudanganya vijana, kwa kuwa ndoa huanza pale zinapokwisha. Kweli, haziwaonyeshi wapenzi hao wakigawana karo na kodi ya nyumba. Hata hivyo, zinaonyesha jambo ambalo wachumba wengi hulipuuza: mwenzio anakutendeaje anapopata nafasi ya kufaidika kwa udhaifu wako? Anayekuuza kwa senti chache leo, kesho atakuuza kwa bei nono.

Basi wewe unayechumbia au kuchumbiwa, usihesabu maua na barua tamu pekee. Angalia pia ni nini ambacho mwenzio angeweza kukuchukulia, akakiacha.

Tukutane Jumapili ijayo.