Rangi Gani kwa Motokaa Kuukuu?

Huenda nyuma ya nyumba yenu iko Land Rover ya mzee, imesimama miaka mingi, na sasa mmepatana kuifufua. Injini imekwisha kuitika. Limebaki neno la rangi, na kila mtu ataka ing'aayo kama kioo. Ngoja kwanza.

Tazama kilicho chini ya rangi. Gari hizi zilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, chuma kilipokuwa adimu baada ya vita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ni alumini, lakini fremu ni chuma. Alumini hutaka rangi ya kwanza iliyo yake. Ukiipuuza, rangi ya juu itabanduka kama maganda. Fremu nayo ikwanguliwe kutu, kwa maana rangi haiponyi kutu, huificha tu. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, basi piga msasa wa maji ili usivute vumbi lake.

Kisha ijue rangi iliyopo. Chovya kitambaa katika tina, usugue mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kushika kitambaa, yaelekea ni selulosi. Ikijikunja, yaelekea ni enameli. Usipulize selulosi juu yake, itaharibika yote.

Sasa chagua. Selulosi hukauka upesi, na ikikwaruzwa hutengenezeka kwa urahisi. Lakini hutaka kupakwa mara nyingi na kusuguliwa sana, na hushika moto haraka. Enameli hukauka polepole na hunasa vumbi, lakini hufunika vizuri, na hata kwa brashi hupakika.

Iko na ya tatu, ichanganywayo na dawa ya kuigandisha. Hiyo hung'aa na kudumu sana. Lakini nyingi zina kemikali iitwayo isosaineti, ambayo huweza kumtia mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa puani hakimkingi. Hutakiwa kinyago kiletewacho hewa safi kwa mpira. Fundi asiye nacho usimpe kazi hiyo, hata akikubali mwenyewe. Na watoto wakae mbali.

Kwa gari la kupita miiba na matope, enameli isiyong'aa mno yatosha. Huficha mabonyeo ya bodi, na ikikwaruzwa mtaipaka wenyewe. Gari lisilometameta bado litawafikisha sokoni. Pumzi ya fundi ikiharibika, hairudishwi kwa brashi.