Rangi Zipaukazo na Elimu Isiyofichwa

Zamani mtu mzima akionekana na penseli za rangi alichekwa. Zilikuwa ni vitu vya watoto wa darasa la kwanza, na mtu akikua huziacha pamoja na kaptura yake. Hali hiyo imegeuka. Mwaka 2013 Johanna Basford wa Scotland alitoa Secret Garden, kitabu cha watu wazima kutia rangi, kikanunuliwa kwa mamilioni. Kufikia mwaka 2016 kiwanda cha Faber-Castell huko Ujerumani kilikuwa kimeongeza zamu za kazi ili kutosheleza wanunuzi wa penseli. Wengi walichoka upesi. Waliobaki walianza kuchora picha zao wenyewe, na kwa kuwa hawakuwa na mwalimu, wakawa wanafunzana wao kwa wao.

Na wanafunzana mambo ya haki, si mchezo. Penseli haikandamizwi, bali rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka kwa mkono mwepesi, maana karatasi ina vishimo vidogo vidogo, na vikishajaa nta haipokei tena. Kivuli cha ndimu hakitiwi kwa rangi nyeusi. Hutiwa wekundu kidogo juu ya kijani, ndipo ndimu ikaviringana. Hila niipendayo mimi ni ya sharubu za paka. Hizo hazichorwi. Karatasi hubonyezwa kwanza kwa kitu butu, kisha penseli hupita juu bila kuingia katika mfereji ule, na unywele mweupe ukabaki.

Lakini liko somo moja lenye thamani kuliko hayo, nalo ndilo lisiloshughulikiwa sana siku hizi: rangi ipi hudumu na ipi hupauka. Ajuaye hasara ya jua ni mwanamke wa Pwani aanikaye leso yake. Penseli nazo ni vivyo hivyo, na waridi na zambarau aghalabu ndizo za kwanza kuondoka. Mimi ninayo picha ya mawaridi niliyouziwa na kijana wa mtaani kwetu, nikaitundika mkabala wa dirisha. Majani yangali kijani. Mawaridi yamekuwa rangi ya jivu.

Huko Marekani jambo hili halikuachiwa wenye viwanda. Chama cha Colored Pencil Society of America, alichokianzisha Vera Curnow mwaka 1990, kililivalia njuga. Njia ya kujaribu rangi ni nyepesi, hata mtoto aiweza: paka vipande vya rangi, funika nusu ya kila kipande, bandika dirishani miezi kadhaa, kisha funua ulinganishe. Pembeni huwekwa sufu ya buluu ya namna nane, kila moja ikipauka kwa mwendo wake unaojulikana, ikawa ndiyo mizani. Katika juhudi za namna hiyo kilipatikana kipimo rasmi cha ASTM, namba D6901, cha penseli za wasanii, na mwaka 2010 Caran d'Ache wa Uswisi wakatoa penseli za Luminance zilizoundwa kwa kukifuata.

Ndiyo maana nawastaajabia baadhi ya walimu wa leo. Watakuonyesha jicho la paka liking'aa kama kioo, kwa dakika kumi, na wasikuambie kwamba zambarau ile haitamaliza miaka mingi ukutani. Labda ni kwa sababu kupauka hakupendezi kutazamwa. Kwa mtu achoraye kujiburudisha, si neno. Lakini wako wanaochora kwa malipo sura za wazazi waliokufa, na mwenye kulipa hanunui karatasi. Ananunua uso ule ubaki. Kumwuzia shavu litakaloondoka, ilhali ulijua, mimi naita ni hadaa. Asiyejua ana udhuru, na wa kulaumiwa ni yule aliyejua akanyamaza.

Kijana wangu wa mawaridi hakujua. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, akauliza kama nataka fedha zangu. Nikamwambia la, bali alete penseli zake zote. Tumezipaka pamoja, tukafunika nusu kwa karatasi ya fedha ya sigara, na sasa vipande vimebandikwa dirishani kwangu, upande uingiao jua la asubuhi.